Nimepangiwa kazi Dodoma: nitapanda miamba wapi, na nani atanishikia kamba?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa miaka 31. Nimeajiriwa serikalini mwaka huu na kituo nilichopangiwa ni Dodoma. Nimepanga chumba na sebule Nzuguni. Kabla ya hapo niliishi Nairobi, kwanza kwa masomo, kisha kwa kazi ya mkataba, na huko ndiko nilikojifunza kupanda miamba. Naomba nieleweke: sizungumzii kupanda mlima kwa miguu kama watu wanavyopanda Kilimanjaro. Nazungumzia kupanda ukuta wa jiwe kwa mikono na miguu, umevaa mkanda wa usalama, umefungwa kamba, na mwenzako yuko chini ameshika upande wa pili wa kamba hiyo hiyo. Katikati ya wiki tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye ukuta wa ndani, Jumamosi tunakwenda Lukenya karibu na Mto Athi, na sikukuu zikiungana na wikiendi tunapiga kambi Hell's Gate, Naivasha. Tulikuwa kikundi kilichozoeana. Sauti ya mwenzangu ikibadilika tu huko juu, nilishajua kama anataka kamba ikazwe au ilegezwe.

Sasa niko hapa. Kutoka ofisini Mtumba naona uwanda, vichaka na vumbi. Nilipouliza kazini kama kuna watu wanaopanda miamba, mmoja akanijibu kwamba mawe ya Dodoma ni ya mbuzi na pimbi. Vilima vya mawe vipo, sikatai, lakini nilipokisogelea kimoja nikakuta mapande ya mviringo yaliyolainika, hayana pa kushika. Nimepekua mitandaoni, nimeuliza kwenye magrupu ya WhatsApp, sijapata mtu.

Kuna kaka mmoja ofisini amejitolea kunisindikiza. Ni mtu mwema, ila kila tukipanga yeye anaongelea nyama choma na mahali pa kupiga picha. Nilipomweleza kazi ya mshika kamba alisema, "Usijali, mimi nina nguvu." Mjomba, moyo wangu haukutulia. Kwa hiyo siku hizi nikitoka kazini nakwenda peke yangu kwenye majabali mafupi na kupanda bila kamba. Nikimaliza wiki bila kugusa jiwe silali vizuri, na hata kazi naifanya bila moyo. Mama yangu yuko Korogwe. Nilipomsimulia kwa simu alilia, akasema hakunisomesha ili nikafie porini.

Naomba unisaidie. Nitapanda wapi? Nitampata wapi mtu wa kunishikia kamba? Huyu kaka nimkubalie? Na je, ni ujinga nikianza mapema kuomba uhamisho kwenda Arusha, Moshi au Mwanza?

Mwenye Kamba, Nzuguni

---

Marahaba mpwa wangu, na karibu Dodoma.

Nianze na lile lisiloweza kusubiri, yaani hizo jioni zako za peke yako. Ziache leo. Sikukatazi kugusa jiwe. Nakukataza kuwa juu ya jiwe wakati hakuna anayejua uko wapi. Anayepanda bila kamba haumii kwa kuanguka kutoka juu sana tu. Mita mbili zinatosha, ikiwa mguu utatua ubavuni mwa jiwe na kifundo kikageuka. Hapo uko nyuma ya kilima, saa moja jioni giza limeshaingia, na wewe huwezi kusimama. Mpaka upate mwenzako, panda kwa upande: anzia mwisho mmoja wa jabali, lizunguke kwa mikono na miguu, nyayo zako zisipite urefu wa goti kutoka ardhini. Vidole vitachoka vilevile na miguu itajifunza zaidi. Na mtu mmoja, hata mama mwenye nyumba wako, ajue ni jabali lipi na unarudi saa ngapi.

Sasa tuje kwenye mawe, na hapa sikubaliani na wewe wala na huyo mwenzako wa mbuzi na pimbi. Mimi nimekulia Manyoni. Ukitaka kuona tambarare ya kweli, simama Kilimatinde juu ya ukingo wa bonde, utazame Bahi kule chini. Dodoma mjini si hivyo. Mji umezungukwa na vilima vya graniti, na graniti hiyo ni sehemu ya mwamba wa kale ulio chini ya Tanzania ya kati, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kuta ulizozipanda Hell's Gate zilitokana na volkano. Zikapasuka, zikaacha nguzo na kona kali za kushika. Haya ya kwetu yaliivia ardhini. Maji yalipenya kwenye nyufa yakaula mwamba kutoka pembeni, muda mrefu mno, kisha udongo uliouzunguka ukachukuliwa na mvua, yakabaki mapande yaliyopandana unayoyaona. Kona zake zililiwa kabla hazijaliona jua. Ndiyo maana hukupata pa kushika.

Ila hapohapo ndipo penye mchezo wenyewe. Mwamba wa kulala kama huu unapandwa kwa miguu. Utazame kwa karibu, uso uwe shubiri moja kutoka kwenye jiwe: utaona chembe za fuwele zimejitokeza, nyingine ndogo kuliko punje ya mtama. Hizo ndizo ngazi zako. Shusha visigino, sogeza nyonga nje ya mwamba ili uzito ushuke kwenye soli, piga hatua fupifupi, na viganja vibonyeze jiwe badala ya kulivuta. Mtu aliyezoea kuta za wima huwa analikumbatia jiwe kwa woga. Akilikumbatia tu, soli zinateleza. Mzoee mwamba huu kwa miezi michache uone utakavyorudi Lukenya ukiwa mpandaji mwingine. Palipo na ufa, penyeza kiganja, kunja dole gumba ndani, kiganja kivimbe kishike. Zungushia plasta migongo ya mikono kwanza, maana graniti inachuna ngozi bila huruma.

Jambo moja la hatari katika jiwe hili lazima ulijue. Graniti inayochomwa na jua mchana na kupoa usiku, mwaka hadi mwaka, hubanduka maganda. Ganda linaweza kuwa pana kama meza na kuonekana ni mwamba mzima, kumbe limeshaachana na mwenzake nyuma. Kabla hujaning'inia, gonga kwa ngumi. Mwamba mzima unajibu kwa sauti kavu, fupi. Ganda linajibu kwa sauti ya ngoma. Likijibu hivyo usilivute, usifunge kamba kwake, na mtu asikae chini yake. Kofia ngumu ivaliwe na wote, na hasa aliye chini.

Kuhusu mahali, vilima viwili maarufu vya mjini ni Mlima Simba na Mlimwa. Anza kwa kuvitembelea kwa miguu tu, mchana, mkiwa kikundi. Halafu nenda mahali ambapo wapanda miamba wa miji mingine wangekuonea wivu: ofisi za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ziko hapahapa Dodoma. Omba ramani ya jiolojia ya eneo lako. Itakuonyesha graniti inaishia wapi na udongo wa mbuga unaanzia wapi, na itakuokolea Jumamosi nyingi za kuzunguka bure. Ramani hiyo ilinganishe na picha za setilaiti kwenye simu. Jiwe tupu linaonekana jeupe-kijivu, na jiwe refu linalala na kivuli chake. Kivuli kikiwa kirefu kwenye picha, pana ukuta wa kwenda kuangalia.

Maeneo mengine yapitie kwa likizo na wikiendi ndefu. Singida mjini, kuzunguka maziwa Singidani na Kindai, majabali yamejaa. Iringa, kwa barabara ya Mtera, ina mawe makubwa juu ya mji, na Gangilonga ndilo linalojulikana zaidi. Hilo lina historia yake na heshima yake kwa Wahehe, kwa hiyo kaa pale utazame mji, mazoezi ukafanyie kwingine. Hanang, wenye mita zaidi ya 3,400, ni wa kutembea, lakini utakupa pumzi.

Na yapo mawe usiyoyapanda kabisa. Kondoa ni karibu, barabara ni ya lami, na utakwenda tu. Nenda! Ila pale Kolo na vilima vyake, weka mikono mfukoni. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mapango yenye michoro ni zaidi ya 150. Rangi ile nyekundu na nyeupe imekaa juu ya jiwe lilelile unalolipenda wewe, mara nyingi chini ya mwamba uliobinuka, yaani pahala ambapo mpandaji angepatamani kwanza. Jasho la kiganja, chaki ya kukausha mikono, soli ya raba, vyote vinaiua. Halafu Mongomi wa Kolo si makumbusho tu, wenyeji bado wanafanya matambiko pale. Hata ukiona jabali zuri lisilo na mchoro kilomita moja pembeni, muulize kwanza mwongoza wageni wa Mambo ya Kale, kwa sababu macho yetu hayaoni kila mchoro uliofifia. Nguzo za Isimila kule Iringa nazo usiziguse: ni udongo uliochongwa na mvua, hazibebi mtu, na mahali penyewe ni pa zana za kale za mawe.

Ruhusa ni kitu ambacho vijana wengi wa mjini hukipuuza, na ndicho kitakachoamua kama mtapanda mwaka mmoja au miaka kumi. Hakuna kilima kisicho na mwenyewe. Mjini muone mwenyekiti wa mtaa, kijijini muone mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, na ukiweza ubebe barua ya utambulisho. Eleza kwa Kiswahili cha kawaida: tunapanda jiwe kwa kamba kwa ajili ya mazoezi, hatutafuti madini, hatuchomi moto, hatuchukui asali. Hilo la madini lisemwe wazi, maana mgeni anayegongagonga mawe Tanzania ya kati anadhaniwa anatafuta dhahabu. Uliza pia kama kilima kina mahali pa tambiko. Wagogo wana vilima walivyoombea mvua tangu enzi za babu zao, na mzee akisema jiwe lile acheni, mnaacha, hamjadiliani. Vilima vyenye minara, matangi ya maji au askari msikaribie. Huu ni mji mkuu wa nchi. Machimbo ya kokoto nayo yaacheni hata kama ukuta wake unavutia, mwamba uliopigwa baruti umepasuka ndani. Na ukiingia kijijini vaa kitenge juu ya suruali yako, ukifika kwenye jiwe unavua. Utapokewa vingine kabisa.

Sasa mtu wa kukushikia kamba. Mpwa wangu, hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: unamtafuta mpandaji aliyekamilika, na huyo huenda hayupo Nzuguni wala Area D. Ila kuna watu ambao tayari wana nusu ya ujuzi, hawajui tu kwamba wanao. Wewe una nusu nyingine. Mwalimu ni wewe.

Wa kwanza ni mafundi wa minara ya simu. Hawa wanavaa mkanda wa usalama kila siku, wanajua karabina (pete ya chuma yenye mlango wa kufunga kamba) iliyofungwa na isiyofungwa, na urefu hauwatishi. Uliza mafundi umeme wa mtaani kwako, hawakosi kumjua mmoja. Tahadhari ni moja: wao wamezoea kamba isiyovutika, ya alama EN 1891, na wanajifunga wenyewe wasianguke. Kazi ya kumdaka mtu mwingine aliyeanguka hawaijui. Kamba ya mpandaji, ya alama EN 892, inavutika ili isimvunje mgongo anapoanguka. Wafundishe tofauti hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na wasilete kamba zao za kazini kwenye kupanda kwa kuongoza, yaani pale mpandaji anapotangulia na kamba ikiwa chini yake. Kamba za dukani za kufungia mizigo, na ile ya mtumba usiyojua imepitia nini, msizitumie kabisa.

Wa pili ni wanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wale wa Chuo cha Madini. Wanatumwa milimani kwa masomo, wanayapenda mawe kama wewe, na wana nguvu za ujana. Wa tatu ni askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji walio nje ya zamu, ambao mafunzo ya kamba ni sehemu ya kazi yao. Wa nne ni vikundi vya jogging. Jumamosi asubuhi jiunge na kimoja, kimbia nao wiki kadhaa bila kutaja miamba. Utawaona wenyewe: yupo anayefika kwa wakati kila mara, yupo anayebaki nyuma na aliyechoka. Huyo ndiye wa kumwonyesha kamba. Misuli atapata baadaye. Uangalifu ukimkosa mtu mzima, ni vigumu kumpa.

Vijana wanaochunga mbuzi nao usiwasahau. Hawatashika kamba, ila wanajua kila ufa wa kilima, wapi pana nyuki, wapi pana chatu, na njia ya nyuma ya kufikia juu ya jiwe bila kupanda. Njia hiyo ya nyuma ni mali, kwa sababu kikundi kipya kinatakiwa kianze na kamba iliyofungwa juu, na aliyeifunga lazima awe amefika juu kwa usalama. Asanteni yao ni maji ya baridi na heshima, na kama wanakaa nanyi nusu siku, walipeni.

Sasa namna ya kufundisha. Siku ya kwanza msiende kwenye jiwe. Tafuteni uwanja wenye mti mkubwa ulio hai au boriti imara ya juu. Fungeni karabina juu, pitisheni kamba, na upande mmoja muufunge kiroba cha mchanga cha kilo 40 hivi. Mwanafunzi avae mkanda, kamba ipite kwenye kifaa chake cha breki, kile kinachobana kamba isiteleze, na mtu wa tatu asimame nyuma yake ameshika mkia wa kamba kama akiba. Kwanza akishushe kiroba polepole hadi ardhini, mara nyingi, mpaka kitue bila kishindo. Kisha wawili wenu mkinyanyue kidogo na mkiachie ghafla bila kumwambia. Utaona kila kitu kwenye uso wake na kwenye mkono wake wa breki. Mkono huo hauachi kamba, hata simu iite, hata mtu amsalimie. Wengine huurusha mkono juu kwa mshtuko mara ya kwanza. Hilo ni la kawaida na linarekebishika, na ndiyo maana mnaanza na mchanga. Akishadaka kiroba bila kujua lini kitaanguka, tena siku mbili tofauti, ndipo akushike wewe, nawe upande mita mbili tu na ujiachie kwa makusudi.

Kabla ya kila mpando mkaguane, kila mara, hata mkiwa mmechoka na jua linazama. Fundo la nane, lile lenye umbo la tarakimu 8 linalofunga kamba kwenye mkanda, lifuatwe kwa kidole kuanzia mwanzo mpaka mkia, mkanda ukazwe, kamba iwe imeingia kwenye kifaa kwa upande sahihi, karabina ifungwe na kubanwa kuthibitisha. Kila mmoja aguse vya mwenzake na kutaja kwa sauti. Na kama mpandaji ni mzito kuliko mshika kamba kwa tofauti kubwa, mshika kamba afungwe chini kwenye jiwe au mti, asije akanyanyuliwa na kugongeshwa ukutani.

Kuhusu huyo kaka, jibu lake liko kwenye kiroba. Mwalike siku ya mchanga, usimwalike siku ya jiwe. Akija, akauliza maswali, akakubali kurekebishwa na mwanamke mbele ya watu, mpe nafasi ya pili. Akipiga picha na kuondoka, mle nyama choma pamoja kwa amani, ila kamba yako asiishike. "Nina nguvu" si sifa ya mshika kamba, kifaa cha breki kinabeba nguvu hiyo. Kinachotakiwa ni macho yasiyokuacha. Na kama unahisi ana lake la moyoni, mwambie wazi mapema msimamo wako, kwa upole. Mtu aliyekata tamaa moyoni hapaswi kuligundua hilo wakati wewe uko mita 15 juu. Vyovyote iwavyo, nendeni watu watatu au zaidi. Mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, mwingine anakwenda kuita msaada. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, iwe kwenye simu za wote, na kabla hamjaanza kupanda hakikisheni ni wapi kwenye kilima mtandao unashika.

Nyuki. Dodoma na Singida ni nchi ya asali, na nyufa za mawe ni mizinga yao. Mtu wa chini anaweza kukimbia; aliyefungwa kamba hawezi. Kaeni chini ya ukuta kwa utulivu kabla ya kuvaa vifaa, mtazame nyufa zote. Mkiona nyuki wanaingia na kutoka, au doa jeusi la nta, hamieni jiwe jingine. Marashi yabaki nyumbani. Na usiingize mkono kwenye tundu usilolichungulia, pimbi akiwa ndani hukosi nyoka anayemfuata.

Msimu wako ni kuanzia Mei hadi Oktoba, na mwezi Juni mpaka Agosti ndiyo uhondo: asubuhi ni baridi, upepo unakausha jasho, soli inanata. Muwe kwenye jiwe saa 12 na nusu asubuhi na saa 4 muwe mnakunja kamba, isipokuwa kama mmepata kivuli. Na kivuli kinatafutwa kwa akili. Dodoma iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, na kuta zinazotazama kusini zinabaki na ubaridi. Desemba mambo yanageuka. Mvua zikianza, jiwe lenye michirizi myeusi linateleza mno hata likionekana kavu, na radi zinapenda vilima kama hivi. Miezi hiyo itumie nyumbani: fundi seremala akutengenezee fremu ya mbao za mbili kwa nne inayosimama yenyewe, bila kutoboa ukuta wa mwenye nyumba, iinamishwe nyuzi 20 au 30, na juu yake apige marine board ya milimita 18. Vishikio achonge kwenye vipande vya mninga na kuzipiga msasa kona zake. Chini weka magodoro ya zamani. Fremu hiyo itakuletea watu kuliko tangazo lolote, kwa sababu watoto wa mtaa watajaribu kwanza, kisha kaka zao, na mmoja wao atarudi kila jioni.

Mama yako usimfiche kitu, wala usimtumie picha ukiwa juu. Mtumie picha ya fundo, ya kofia, ya wenzako wakikaguana. Na kila mkishamaliza mpigie kabla hujavua viatu. Mama anayepigiwa simu kila Jumamosi saa 4 na nusu asubuhi atapunguza kulia, ingawa kupenda kwenyewe sikuahidi.

Uhamisho usiuombe sasa. Arusha na Moshi wana milima na wana watu, kweli, na Mwanza ina majabali hadi ziwani, lakini huko nako utaanza kutafuta mshika kamba kama hapa. Fundisha watu wanne mwaka huu. Wawili wataacha, ndivyo ilivyo kwa kila mchezo. Wawili watabaki. Upite nao kipupwe kizima cha mwakani, na ukifika Septemba hujampata hata mtu mmoja unayeweza kujiachia kwenye kamba yake bila kutazama chini, niandikie tena. Hapo barua ya uhamisho nitakusaidia kuiandika mimi mwenyewe.

Mjomba